Okwir Hayumo Kwenye Daftari

Mtaani Katwe, ukiulizia mlango wa chuma usiotishika na mtaimbo, mtu yeyote atakuelekeza karakana ya tatu kutoka mferejini, kwa mzee mwenye miwani myeusi ya kuchomelea. Lakini hadi juzi, ungemuulizia mzee huyohuyo kwa jina lake, Faustino Okwir, watu wangekukazia macho na kukuambia hawajapata kumsikia. Si kwamba walikuwa na ubaya na wewe. Mwenyewe ndiye aliyewaomba wawe hivyo, na aliwaomba kwa miaka minane bila kuchoka.

Okwir alikuwa na dini yake ya pili, mbali na ile iliyompeleka kanisani Jumapili. Aliamini kwamba mtu ni mali ya nafsi yake, na kwamba serikali ikishajua unalala wapi, itataka kujua unaota nini. Aliyahubiri hayo huku akisugua vyuma, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi.

"Serikali iko na kazi mbili tu," alisema. "Linda mpaka, shika mwizi. Mimi nakula maharage ama nakula samaki, hiyo si maneno ya serikali."

Watu walimcheka, lakini hawakumdharau. Mwaka ule mfereji ulipofurika na maji kuingia vyumbani, wapo waliokimbilia kuandika barua jijini. Okwir hakuandika kitu. Alichukua koleo, akaingia kwenye tope hadi magotini, na kabla ya saa sita mchana watu kumi na wanne walikuwa wamemfuata. Baadaye akatengeneza wavu wa chuma wa kuzuia takataka, akaufunga mwenyewe, bure. "Nani ameandika sisi majina?" aliwauliza, tope limemkauka shingoni. "Hakuna. Na kazi imekwisha." Hiyo ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote tangu ahamie Katwe, na aliisimulia mpaka ikawachosha hata wale waliokuwapo.

Daftari ndilo asilolitaka. Wahesabu watu walipopita, aliwaambia waandike kuna binadamu mmoja, jina si lao. Walipomwandikia namba ya rangi nyekundu mlangoni, aliikwangua kabla haijakauka. Mwenyekiti wa mtaa, au Ssentebe kama wenyeji wamwitavyo, Huzaifa, mtu mpole aliyetembea na daftari la wakazi kwapani, alimbembeleza kila mwezi.

"Mzee, ukikufa nitaandika nini?"

"Andika kwamba amekufa."

Msidhani ulikuwa ubishi wa bure. Ujanani Okwir alikuwa askari polisi, na kwa sababu ya mwandiko wake mzuri aliwekwa kwenye lango la kambi kuandika nani ameingia na amekuja kumwona nani. Aliandika kwa bidii, kila herufi imenyooka. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuja kila Jumamosi kumtembelea kaka yake. Siku moja wakaja wakubwa wasiojitambulisha, wakachana ukurasa, wakaondoka nao. Mwalimu hakuonekana tena langoni, wala penginepo. Hakuna aliyemlaumu Okwir. Yeye alijilaumu, na bado anajilaumu.

Wiki ileile binti yake, Laker, aliyekuwa na miaka sita, alikuja langoni akashika kalamu na kuanza kuandika jina lake kwenye daftari, ametoa ulimi pembeni mwa mdomo. Okwir alimpokonya kalamu kwa nguvu mpaka mtoto akalia. "Usiandike jina lako katika kitabu kisicho chako," alimwambia. "Umesikia? Kamwe."

Aliacha kazi, akajifunza kuchomelea. Lakini mdomo nao ulikuwa umefungwa. Mkewe, Aryemo, alivumilia miaka mitatu, kisha akamchukua Laker na kurudi kwao Kitgum. Alisema hawezi kuishi na mwanamume asiyemwambia hata anapoumwa.

Laker alipokua mkubwa alikuwa akimpigia simu mara mojamoja. Kisha ikatoka amri kwamba kila laini ya simu ifungamanishwe na alama za vidole vya mwenyewe. Okwir alikataa kutoa vidole vyake. Laini ikafungwa, na namba ya Laker ilikuwa humo ndani, hakuwa ameinakili popote. Ndiyo, alikuwa mjinga, na nafsi yake ilimwambia hivyo kila siku. Alisafiri mpaka Kitgum, akakuta kaburi la Aryemo limeshaota majani na Laker ameshahama, hakuna ajuaye alikokwenda. Aliacha salamu kwa dereva wa lori la ufuta anayezunguka kaskazini yote: ukimpata Laker, mwambie baba yake Okwir yuko Katwe, kwa mafundi wa vyuma. Basi. Miezi saba ikapita.

Katika miezi hiyo alitengeneza kitanda cha chuma cha kukunja, akakipaka rangi ya maziwa, akakiegemeza ukutani chumbani kwake. Wateja wawili walitaka kukinunua. "Hiyo ni oda ya mtu," aliwaambia. Jioni alikaa kwenye kiti mkabala na kitanda hicho, akala ugali wake na maharage, akasikiliza nyundo za Katwe zikinyamaza moja baada ya nyingine. Hakumwambia mtu kwamba anamngoja binti yake. Aliona ni mambo ya nyumbani kwake.

Hata Bibiane hakumwambia. Bibiane, ambaye Okwir alimwita Mama Elie, alikuwa Mkongomani, mshonaji wa vitenge, mlango wake na wa Okwir ukuta mmoja. Alikimbia kwao baada ya watu kuja na orodha iliyokuwa na jina la mumewe, kwa hiyo alimwelewa Okwir bila kuelezwa. Walipeana chumvi, walipeana makaa, kila mmoja alijua kikohozi cha mwenzake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake la ndani, na waliuita huo urafiki.

Alhamisi moja Okwir alikwenda Kibuli kufunga lango la nyumba ya mtu. Alirudi saa kumi alasiri, begani ana vifaa, akamkuta Bibiane amesimama mlangoni anatabasamu kwa fahari.

"Papa Okwir, leo balikutafuta! Lakini usiogope, tulikuchunga muzuri."

"Nani?"

"Mwanamuke moja, amevaa kama mutu ya ofisi. Eko na karatasi mu mukono, jina yako yote iko juu ya ile karatasi. Alianza kule kwa mufundi wa kwanza, akafika mpaka hapa. Bote tulimuambia ule mutu hatumujue."

Okwir alicheka, akautua mzigo. "Mama Elie, mmefanya vizuri sana. Sana! Hawa watu wa serikali hawachoki."

"Alisumbua kidogo. Aliomba maji, akaikala hapa kwa kiti yako. Nilimupa maji, njo ubinadamu. Mukono yake ya kushoto iko na kovu ya moto, nilimuonea huruma. Lakini sikusema kitu."

Okwir alikuwa ameinama akipanga bisibisi zake. Hakuinuka. Kovu lile alilijua. Lilikuwa la pasi ya mkaa, kambini, Laker akiwa na miaka minne. Yeye ndiye aliyembeba mpaka zahanati akikimbia pekupeku.

"Alisema anaitwa nani?" aliuliza akiwa bado ameinama.

"Alisema Laker. Sijue kama ni jina ya kweli."

"Aliondoka saa ngapi?"

"Ya saa saba hivi. Alisema atapita kwa mwenyekiti, kisha eko na basi." Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka Bibiane. "Papa? Ni nani?"

"Ni mtoto yangu."

Bibiane alishika kizingiti. Machozi na hasira vilimjia pamoja.

"Uko na mutoto? Miaka munane tunaikala mulango kwa mulango, hata siku moya haukuniambia uko na mutoto! Nilimufukuza mutoto yako, Papa. Na hii mudomo yangu."

Okwir aliacha vifaa palepale chini. Alitoka mbio, akarukia bodaboda, akafika kituo cha mabasi ya kaskazini roho juu. Basi la Kitgum lilikwishaondoka saa tisa, la Lira saa nane na nusu, la Gulu ndilo lililokuwa likijaza abiria, akapanda akalikagua kiti kwa kiti. Laker hakuwamo. Alimshika kondakta mkono.

"Basi zilizoondoka, mnaandika abiria? Kuna orodha ya majina?"

"Orodha ya nini, mzee? Mtu analipa, anakaa, tunaenda."

Ndivyo hasa Okwir alivyotaka dunia iende. Alisimama katikati ya mizigo na wauza maji, mtu anayechukia orodha kuliko ugonjwa, akatamani orodha moja tu, ya basi moja tu, hata iwe na wino uliofutika. Ilimuuma kwa namna ambayo hakuwa na wa kumweleza.

Kutoka hapo alikwenda kwa mwenyekiti. Huzaifa alikuwa ametoka kuswali, akamkaribisha kwenye benchi, na alipomwona usoni akaacha utani wake.

"Alikuja hapa?" Okwir aliuliza.

"Alikuja, ssebo, mzee wangu. Aliniuliza kama Okwir iko kwa kitabu ya mtaa. Mimi nafungua, natafuta, hakuna. Nasema hakuna. Akasema nitafute tena. Nikatafuta mara ya pili."

"Lakini wewe unajua mimi niko hapa! Kila mwezi unakuja kwangu!"

"Mimi najua. Katwe yote inajua," alisema Huzaifa polepole. "Na yote ilikukataa leo, juu ya wewe mwenyewe ulituomba. Mara ngapi umeniambia, Ssentebe, mtu akiuliza jina langu, mimi sipo? Mimi nilishika neno lako, mzee. Ulitaka nilivunje?"

Okwir alitazama chini. Alitamani kugombana na mtu, akakosa wa kugombana naye.

"Aliacha namba ya simu?"

"Nilimpa kitabu ya wageni aandike jina na simu, baadaye kama nasikia kitu nimpigie. Alikataa." Huzaifa alijikuna kidevu. "Alisema baba yake alimkataza akiwa mdogo. Kwamba asiandike jina yake kwa kitabu ya watu. Mimi nilikufikiria wewe palepale. Nilitaka kusema kitu. Nikanyamaza."

Okwir alifunika uso kwa mikono yake yenye makovu ya cheche, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mtoto alikuwa amesikia. Miaka yote hiyo, katika kila alichomwambia na alichoshindwa kumwambia, amri ile moja ndiyo aliyoibeba, na leo ameitii.

Huzaifa alingoja. Kisha akavuta daftari la wakazi, akalifungua ukurasa mweupe. "Nikuandike sasa?"

Okwir aliitazama kalamu kwa muda mrefu. Alimfikiria mwalimu wa Jumamosi. "Hapana, Ssentebe," alisema hatimaye. "Kitabu haikunificha. Ni mimi."

Kesho yake asubuhi hakuwasha mashine. Alianzia karakana ya kwanza, kofia mkononi, akapita kwa kila fundi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mfereji. "Mimi niko na binti," aliwaambia. "Anaitwa Laker. Ako na kovu mkono ya kushoto. Mama yake alikufa. Akirudi, mwambieni niko." Wengine walimpa pole, mmoja alimkumbatia, na mmoja aliuliza kwa mshangao kama kweli jina lake ni Faustino. Mwisho alifika kwa Bibiane, aliyekuwa hajashona kitu tangu jana. Alimweleza yote, la mwalimu na la Aryemo pia, na Bibiane naye akamweleza jina la mumewe, ambalo Okwir alikuwa hajapata kulisikia.

"Akirudia, mimi mwenyewe nitamufunga na kitambaa asiondoke," alisema Bibiane.

Lakini hakuna ajuaye kama atarudi. Okwir ametuma salamu tena kwa dereva wa lori la ufuta, na salamu za kwanza zilichukua miezi saba kufika. Huenda Laker anaamini dereva alimdanganya, au baba yake amekufa. Kitanda cha rangi ya maziwa bado kimeegemea ukutani, na jioni mzee anakula mkabala nacho kama kawaida, ingawa siku hizi akiulizwa anasema ni cha nani.

Mlango wake bado hauna namba ya serikali, wala daftari la Huzaifa halina jina lake. Lakini pale alipoikwangua namba, Okwir amechovya brashi kwenye rangi ya kuzuia kutu na kuandika kwa ule mwandiko wake wa langoni, kila herufi imenyooka: OKWIR, BABA YA LAKER, NIKO HAPA. Wapita njia husimama kuusoma. Kila anaposimama mtu, mzee huzima mashine, huvua miwani, hutazama kwanza mkono wa kushoto wa mtu huyo.