Ubani Kiwandani

Walisema sitaweza. Shemeji yangu alisema mtu aliyezoea theluji ya Bulgaria hatadumu Temeke akichemsha mifupa ya ng'ombe. Fundi aliyenichomelea pipa alisema nitaliuza kama chuma chakavu. Mimi, mwenye stashahada ya mitambo niliyoipata huko Bulgaria, nilichemsha, nikakausha, nikasaga chakula cha kuku, na wafugaji wakapanga foleni getini.

Walipanga wakiwa wameziba pua. Mwezi wa Ramadhani, sahani za futari zilipita mlangoni kwangu zikienda nyumba nyingine, nami nikajiambia ni harufu tu, si mimi.

Ndipo halmashauri ikanitumia habari: bwana afya atakuja kukagua, na akiridhika kwamba malalamiko ya majirani ni ya kweli, kiwanda kitafungwa. Asubuhi ya ukaguzi nilifukiza ubani kila kona ya uwanja. Nilijiona mjanja. Kabla bwana afya hajafika, wakaingia wanawake wa mtaa mzima, wamejitanda kanga, wengine na mikeka kwapani.

"Nani katutoka, baba?" aliuliza bibi wa nyumba ya jirani.

"Shikamoo, bibi. Hakuna msiba."

"Marahaba. Ubani wote huu na hakuna maiti? Sie tukajua ni wewe!"

"Angekuwa yeye, nani angetufungulia geti?" akadakia mwenzake. Wakacheka, nami nikacheka nao. Uwanja wangu haukuwahi kujaa hivyo.

Bwana afya akatukuta hapo. "Afadhali mpo. Huwa kunanuka?"

"Leo nafuu, mwanangu," bibi akasema. "Leo huyu ananuka maiti aliyeoshwa."

Bwana afya akaamuru nisichemshe tena mpaka nidhibiti mvuke. Mwingine angefunga virago. Mimi nilichomelea mfuniko mwenyewe, nikaupitisha mvuke kwenye bomba lililozama ndani ya maji baridi, na hewa iliyobaki nikairudisha motoni iungue. Bwana afya aliporudi, alizunguka hadi nyuma ya nyumba za majirani, akinusa. Hakupata kitu.

"Umesomea wapi haya?" aliuliza. Nikamweleza kwa kirefu. Akanywa chai yangu, akaruhusu kazi iendelee, akaenda zake.

Majirani walifungua madirisha. Niliwasikia wakizungumza na kucheka. Nikaacha geti wazi ili atakayetaka kuona mtambo aingie. Siku ikapita, na nyingine, asiingie jirani hata mmoja. Wafugaji walikuja, wakachukua magunia, wakaondoka. Hewa ilikuwa safi kabisa, na sikuwa tena na cha kusingizia.