Mechi ya Nyumbani Tuliyoipeleka Dar

Siku iliyonikaa moyoni kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja baada ya Krismasi. Nilikuwa nimejifungia ndani ya ofisi ya klabu yetu hapa Moshi, nachungulia dirishani. Malori matatu ya kubebea ndizi yalikuwa yanafika nje ya uwanja, yamejaa watu kutoka Kibosho, wanaimba. Mpira waliokuja kuutazama haukuwepo. Mimi nilijua haupo, na wao hawakujua kwa sababu yangu.

Umeniambia umepata kazi kwenye timu, na kwamba wewe ndiye utakayeshughulikia mashabiki na matangazo. Hongera, nimefurahi. Lakini kaa kwanza. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, na niliiharibu vibaya sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha biashara na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Klabu ilikuwa kwenye ligi, haina kitu, ila ilikuwa na watu. Akina mama wa mlimani walishusha mikungu ya ndizi kambini kila wiki, wachezaji wakapikiwa mtori. Mazoezi yalikuwa wazi kwa kila mtu. Mama muuza mitumba wa Kiboriloni alipita jioni akitoka sokoni, akamwambia beki wa kushoto kwamba juzi alicheza kama mtu aliyeamka na homa, na beki akajibu, "Nisamehe, mama." Tangazo la mechi lilisomwa kanisani baada ya misa, na hilo lilitosha. Mimi haya yote niliyaona ni ushamba mtupu. Nilitaka klabu ya kisasa, yenye geti lililofungwa na mlinzi mwenye sare.

Nguzo yetu upande wa mlimani ilikuwa Mzee Aloisi, mwenyekiti wa tawi la mashabiki la Kibosho. Alikuwa mkulima wa kahawa, mwembamba, mtu wa maneno machache. Unajua kwetu Krismasi kila mtu anarudi nyumbani, awe yuko Dar, yuko Mwanza, au amevuka Holili kwenda kutafuta maisha Kenya. Basi kila Desemba mzee huyu alipita kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba, akiwaandikisha waliorudi, watoto kwanza. Alikodi malori akawashusha uwanjani.

"Mtoto akiiona timu ya kwao mara moja kwa mwaka inatosha," alikuwa akisema. "Mwaka mzima ataisimulia huko aliko."

Mwaka ule ratiba ilitupa bahati ambayo hatukuwahi kuipata. Moja ya timu kubwa za Dar ilipangwa kuja kucheza kwetu Jumamosi hiyo ya baada ya Krismasi. Kule mlimani hapakuwa na habari nyingine.

Kisha wakaja mabwana wawili kutoka Dar, watu wa kuandaa mechi. Wakasema mechi hiyo tuihamishie kwao, kwenye uwanja mkubwa, nao watatupa fedha mkononi kabla hata filimbi haijapulizwa. Kamati ikagawanyika. Wazee walikuna vichwa. Mimi nikasimama, na niliyoyasema hadi leo yananitia aibu: "Mashabiki wetu hawana pa kwenda. Watasikiliza redioni, na mwakani watarudi." Kamati ikamsikiliza mwenye cheti. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi wangu niliuacha huku napiga makofi.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Nilipaswa kupanda Kibosho nikawaambie watu. Niliogopa kelele, mwanangu, huo ndio ukweli. Mkesha wa Krismasi nikabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi, nikafunga, nikaenda kwetu kula sikukuu. Nikajiambia nimeshatangaza.

Basi Jumamosi ikafika. Viongozi wote walikuwa Dar na timu, mimi nimeachiwa ofisi. Watu wakateremka kwenye malori, wakakuta geti lina mnyororo. Nyimbo zikakatika. Mzee Aloisi akaja moja kwa moja ofisini, ameongozana na wajukuu zake watatu waliokuja kutoka Mwanza, wamevaa fulana za rangi zetu zilizoshonwa na fundi wa kijijini. Nikafungua mlango. Ningefanyaje?

"Shikamoo, Meku," nikamwambia. Ndivyo tunavyowaita wazee wetu.

"Marahaba, Anastazia. Mbona wamechelewa kufungua?"

"Mechi iko Dar, Meku. Ilihamishwa."

"Redio ilisema hivyo juzi," akasema. "Nikawaambia watu redio imekosea. Nikawaambia, ingekuwa kweli Anastazia angepanda kutuambia."

Nimezika mume, nimezika mama, najua uchungu ulivyo. Lakini maneno yale bado nayasikia nikiwa jikoni kwangu, sina hata ninachokiwaza. Nikaanza kujitetea, mara mishahara ya wachezaji, mara nauli za safari. Akainua mkono ninyamaze.

"Mechi ya nyumbani ni kihamba, binti. Baba yako angekikodisha kihamba wiki ya Krismasi, watoto wakirudi awaambie wakalale kwa jirani?"

Alitoa kadi yake ya uanachama kwenye mfuko wa koti, akaiweka mezani. Hakuitupa, aliiweka taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, mpaka meza ikajaa kadi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Hakuna aliyenitukana. Walipanda malori wakarudi kwao, na jioni redio ikatangaza kwamba tumefungwa tano bila.

Majuto ni mjukuu, na wangu hakuchelewa. Januari ndizi hazikuja kambini. Kwenye mechi iliyofuata, waliokaa jukwaani ungeweza kuwasalimia wote kwa majina. Nikashusha kiingilio. Nikaruhusu wanawake waingie bure. Nikatuma gari la matangazo likazunguka Kibosho kutwa nzima na vipaza sauti. Dereva alirudi na habari moja tu, kwamba kuna mama alimwomba apunguze sauti, ana mgonjwa ndani.

Baba yangu alipopata habari hakunigombeza. Alikwenda mpakani mwa kihamba chetu, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akaniambia nivae viatu. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjui: kwetu, ukimkosea mtu kisha ukamwendea na jani hilo, hakunyimi msamaha. Mzee Aloisi alilipokea kwa mikono miwili. Akamimina mbege, pombe yetu ya ndizi, akaonja yeye kwanza, akanipa. Moyo wangu ukatua. Mjinga mimi, nikaona mambo yamekwisha.

"Kwa hiyo Jumapili mtashuka, Meku?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko hasira. "Nimekusamehe, Anastazia. Neno hili halitatoka tena kinywani mwangu. Lakini kushuka, hapana. Wale wajukuu wangu wameniandikia barua. Siku hizi wanaishangilia ile timu ya Dar. Wanasema yenyewe angalau mechi ya nyumbani huichezea nyumbani. Nikawadanganye nini tena?"

Baba akaniminya mkono, tukaaga. Msamaha nilipewa, mwanangu, watu sikurudishiwa. Nilikuwa nimedhani ukipewa kimoja umepewa na cha pili.

Msimu ule tulishuka daraja. Baadaye hata nafasi ndogo tuliyobaki nayo kwenye daraja la chini ikauzwa kwa matajiri wa mkoa mwingine, wakabadilisha jina, wakabadilisha na rangi. Hakuna aliyeandamana. Hakuna hata aliyekuja kuuliza. Mabati ya jukwaa letu yaling'olewa moja baada ya jingine, na hadi leo sijui nani aliyachukua. Mzee Aloisi aliishi miaka mingi, kisha akafariki, nikaenda kumzika. Pale msibani nikakutana na mdogo kabisa kati ya wale wajukuu, sasa kijana mwenye ndevu. Akaniamkia vizuri, akaniuliza kama ni kweli babu yake aliwahi kuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu fulani ya hapa. Jina la timu hakulijua. Nilimtajia, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, halafu akaenda kusaidia kupanga viti.

Sasa nisikilize, maana sisemi haya ili unionee huruma. Mechi ya nyumbani ichezwe nyumbani, hata wakiweka fedha juu ya meza ukaziona kwa macho. Kila klabu ina shida, na shida haitaisha kwa kuwauza watu wako. Ukiwa na habari mbaya, panda mwenyewe ukaiseme kwa kinywa chako, kabla redio haijaisema na kabla haijafika kwenye hizo simu zenu. Simu itumie, siikatai, piga picha, rusha matangazo, lakini tangazo halimjibu mzee aliyekuja mlangoni na wajukuu. Tiketi zipeleke waliko watu. Zipeleke Kiboriloni siku ya soko, Pasua kwenye maduka ya mitaani, na mlimani baada ya misa. Bibi asiyejua mtandao naye ana timu. Mpira uishe mapema, wa mlimani wapate gari la kuwarudisha. Mazoezi yafungulie geti, hata kama ni siku moja kwa wiki, na mtu akimsema beki wako, mwache amseme. Halafu Desemba, hiyo usiiguse kabisa. Desemba ni ya waliorudi. Mtoto aliyesafiri kutoka mbali akute geti liko wazi na mtu amesimama pale anamngoja, kwa sababu binadamu huipenda timu iliyokuwa ikimngoja.

Ukikosea, na utakosea, nenda ukaombe radhi siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka jukwaa liwe tupu ndipo ukumbuke njia ya kupanda mlimani.

Haya, nenda kazini. Mungu akulinde na ujanja wako mwenyewe, mwanangu. Akupe watu, na ukishawapata akutie hofu ya kuwapoteza, hofu ile ambayo mimi niliipata siku wameshaondoka.