Mdudu Sikioni

Enzi za Mwingereza tulipanga chumba Temeke, mume wangu akiwa kuli bandarini. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza mkekani, mdudu akaniingia sikioni. Kila alipofurukuta nilihisi kichwa kinapasuka. Nilipiga mayowe, na mashoga zangu wawili wa nyumba ileile wakaja mbio.

Mmoja, msusi, alichomoa pini nyweleni mwake. "Tulia shoga, nimtoe."

"Utamtoboa sikio!" Mwenzake, muuza maandazi, alimdaka mkono. "Dawa yake mafuta ya nazi ya uvuguvugu."

"Mafuta yatamsukuma ndani zaidi!"

Waligombana juu ya kichwa changu, na mdudu anakwaruza tu. Nilipohisi ncha ya pini imegusa sikio, niliusukuma mkono wa msusi.

"Lete mafuta!" nikamwambia yule mwingine.

Aliyapasha moto, akayajaribu kwenye kiganja, akanimiminia. Mdudu alipapatika kwa nguvu, nikaing'ata kanga yangu. Kisha akatulia. Nilipoinamisha kichwa, mafuta yalitoka na mende mdogo, amekufa.

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Msusi aliirudisha pini nyweleni, akanikumbatia.