Callback yangu ilisema wasichana wawili ni mtu mmoja

Habari zenu wakuu, na ninyi mnaosoma kimya kimya kama mimi. Mwaka wa pili niko humu na sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua, na nitasema ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Niko Senior Five, yaani kidato cha tano, Kampala. Baba ni polisi, asili yetu ni kaskazini, tunaishi kwenye nyumba za polisi, na huko Kiswahili ndicho kinachotuunganisha wote.

Mimi si mtu wa maneno. Nikiulizwa swali darasani, hata kama jibu ninalo, naangalia dawati. Mengi naandika kwenye daftari. Haya yametoka humo.

Shuleni kwetu mwalimu wa kompyuta ndiye anayesajili watahiniwa wa Senior Four mtandaoni. Tumwite Sir Mugerwa. Siku moja aliniita lab akanipa orodha mbili. Moja ya mwalimu wa darasa, nyingine ameitoa kwenye mfumo wa usajili.

"Akello, si wewe ndiye fundi wa PHP? Niambie nani yuko kwenye hii na hayuko kwenye ile. Mfumo unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyekuwemo hafanyi mtihani mwaka huu."

Nikaanza na array_diff, amri ya kawaida ya PHP inayotoa waliomo kwenye orodha ya kwanza na wasiomo kwenye ya pili. Ikanirudishia darasa zima! Kwamba hakuna hata mmoja aliyesajiliwa.

Sababu ilikuwa hii. Mwalimu wa darasa anaanza na majina ya nyumbani, halafu jina la dini anaweka herufi moja tu. Mfumo unaanza na jina la dini, tena kwa kirefu. Kwa array_diff, "Furaha Nabintu E." na "Esther Nabintu Furaha" ni watu wawili.

Hapo ndipo nikaenda kwenye array_udiff. Kwa wasioijua: unaipa array mbili, yaani orodha mbili, pamoja na function yako mwenyewe, ndiyo callback. Inachukua vitu viwili viwili na kuuliza function yako, hawa vipi? Ukirudisha sifuri, umesema ni sawa. Ukirudisha namba hasi au chanya, umesema yupi anatangulia. PHP haibishani na wewe. Ulichosema ndicho.

Callback yangu ilitupa herufi moja moja zote. Ikatupa na majina ya dini, nilikuwa nimeyaorodhesha kwenye array yake: Esther, Solange, Grace, Aisha na wenzao. Majina yaliyobaki ikayapanga kwa alfabeti, kisha ikalinganisha.

Nilijiona mjanja sana.

Niseme kwa nini niliamini majina ya nyumbani yanatosha. Kwetu kila mtoto ana jina lake. Kaka zangu mapacha ni Opio na Odongo, mimi niliyewafuata ni Akello, baba ni Ogwang. Majina mawili ya nyumbani kufanana kabisa kwa watu wawili, darasa moja? Haikuniingia akilini.

Nika-run. Array tupu.

Sasa kuna kitu ambacho siku hiyo sikukiandika hata kwenye daftari. Nilifanya count ya orodha zote mbili. Ya darasa ilikuwa na majina 61. Ya mfumo 60.

Nilikiona, wakuu. Nikajiambia mwalimu wa darasa amerudia jina. Kumuuliza kulitaka niingie staffroom, na staffroom naiogopa kuliko kituo cha polisi.

"Hakuna aliyekosa, Sir."

"Mtoto wa polisi! Umekagua vizuri."

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, msichana wa Senior Four akaja mlangoni pa lab. Mkongo. Namfahamu kwa sura tu.

"Dada, ni wewe uliangalia majina ya usajili?"

"Ndiyo. Unaitwa nani?"

"Furaha Nabintu."

Nikatafuta. "Upo. Huyu hapa, Esther Nabintu Furaha."

"Ule ni Esther. Miye niko Solange."

"Lakini si jina ni lile lile?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha hasira. "Sisi wote wawili tulipewa jina ya mama ya baba zetu. Yote, Furaha na Nabintu. Esther ni mutoto ya baba mukubwa. Sasa Esther akifanya mutihani, ni miye nitapata majibu?"

Nikafungua orodha ya darasa. Mstari wa 23, Furaha Nabintu E. Mstari wa 24, Furaha Nabintu S.

Ile herufi niliyoitupa kama takataka ndiyo iliyokuwa Solange.

Nikamwambia, "Nenda kwa Sir, mwambie." Aibu, najua.

"Nilishaenda. Amesema program ya Akello ilikagua, niko ndani. Miye nani nikatae mashine?"

Basi nikasimama. Staffroom ilikuwa imejaa, wanakula. Sauti ilitoka nusu.

"Sir, nilikosea. Nimemfanya Solange kuwa Esther."

Mwalimu mmoja akaweka kijiko chini. "Banange! Huyu mtoto anabatiza watu upya!" Wakaangua kicheko.

Sir Mugerwa hakucheka. Aliangalia saa ya ukutani.

Mtandao siku hiyo ulikuwa unatambaa. Solange tulimpiga picha kwenye ukuta wa lab, ikakataa mara tatu kupanda. Saa kumi na dakika arobaini jina likakubali. Solange akainama mpaka pua karibu iguse screen, akasoma herufi kwa herufi.

"Sasa iko."

Akaondoka. Hakunishukuru, na hapakuwa na cha kunishukuru.

Nimeshaibadilisha ile callback. Herufi ya kwanza ya jina la dini inabaki, na count zikitofautiana program inasimama yenyewe na kudai maelezo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Ninachoendelea kuwaza ni kile kisifuri. Nilikiandika peke yangu, kwenye kiti changu, kwa kufuata majina ya nyumbani kwetu, halafu kikasimama mbele ya mtu kumwambia yeye ni mwingine. Na mwalimu aliiamini screen kuliko msichana aliyesimama mbele yake, kwa sababu mimi nilimwambia aiamini.

Wakuu wenye uzoefu, nisahihisheni. Kunikaripia kidogo navumilia. Ila mjibu na hili: kwenye code zenu, mkiandika kwamba fulani na fulani ni sawa, mnamuuliza nani kwanza?