Pikapu ya bluu iliyotoka kwangu asubuhi

Ukiiona pikapu ya bluu barabara ya Kirongwe, isimamishe kwanza, halafu ndiyo urudi usome.

Mwaka mzima mume wangu ananiambia niiuze, nami nang'ang'ania. Haijawahi kunizimikia njiani hata siku moja!

Leo nimekubali. Mzee Shomari wa kijiji cha Kanga kaja, nikamwapia kuwa gari ni zima. Kalipa, kaondoka nayo anacheka. Kasema anapitia Kirongwe kupakia watu wa harusi.

Nikaenda kufagia pale ilipokuwa inalala.

Jamani. Kutu tupu! Na kipande cha chuma, kipana kama kiganja.

Nikampelekea fundi. Akakigeuza, akaniuliza, "Dada, ulikuwa unabebea mwani mbichi?"

Kila bamvua, bahari ikikupwa sana tukavuna, magunia yanachuruzika. Si ndio mwani uliotulisha?

"Injini haina neno," akasema. "Lakini hiki kimetoka kwenye chasisi. Chumvi imeshaimaliza. Ikijaa watu, inakatika."

Nimepiga simu mpaka kidole kinauma. Mzee Shomari kapokea mara moja tu.

"Mwanangu, sikusikii!"

Nyuma yake vigelegele, na injini inaunguruma vizuri, kama kawaida yake.