Simu ya Fundi wa Chwele

Tangu simu za mkononi zifike soko la Chwele, Nakhumicha muuza vitunguu hajaona anayeziogopa kama jirani yake, mama fundi wa nguo. Simu yake hukaa ndani ya mkebe ulio wazi, mbali na cherehani, na ikilia huishika kwa ncha za vidole, mkono umenyooka na spika ikiwa wazi, akipaza sauti hadi wauza kuku wanageuka. Akiona mama mwingine ametia simu kifuani, huacha kushona. "Toa hiyo kitu hapo, bana! Ati hujasikia miale inachoma mwili?"

Jana alipiga simu bintiye aliyeolewa Kitale na kujifungua huko mtoto ambaye fundi hajamwona bado. Fundi akanyoosha mkono kama kawaida, sauti ya binti ikafika hata kwa Nakhumicha. "Mama, amelala. Sikia tu vile anapumua."

Mkono ukakunjika polepole. Fundi akaibana simu sikioni kwa viganja viwili, akafumba macho, na Nakhumicha akawanyamazisha wauza kuku. Simu ilikatika, lakini fundi akaendelea kusikiliza. Mwishowe akaifunga kwa leso, akaitia kifuani, akarudi kwenye cherehani.