Koma ya Babu Karisa

Sisi tuliokunywa maziwa ya shule kwenye pakiti za pembetatu, tukazipuliza zikishaisha na kuzipasua kwa kisigino zilie kama bunduki, tunajuana. Kama hukuwahi kupasua pakiti nyuma ya mwalimu ukavutwa sikio mpaka likawa jekundu kwa ndani, basi wewe ni wa juzi. Karibu, lakini kaa kimya usikilize.

Kwetu kulikuwa nyuma ya Malindi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, kwenye minazi na mihogo. Mpira wetu ulikuwa wa matambara, na ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe. Aliyeupiga kwa kichwa alishinda amesahau jina lake. Wasichana walicheza mchezo wa kati, nasi tukijifanya hatuwatazami. Jioni ilinuka moshi wa makumbi ya nazi na samaki ng'onda akichomwa, na ukisikia mwiko unagonga sufuria ulijua sima imeiva, kila mtu mbio kwao. Hakuna aliyeitwa mara mbili. Watoto wa siku hizi huitwa mezani mara tano, na wakija huuliza ni chakula gani.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa vita vya Bama, yaani Burma. Wazee waliorudi kutoka vita vile vya Mwingereza walituachia majina ya kutisha, nasi tukayageuza kuwa mchezo wa kijiti na vumbi. Hakuna aliyetaka kuwa Mjapani, kwa hiyo tulimpa kazi hiyo aliyechelewa. Mimi kazi yangu haikubadilika.

"Karisa afe mwituni," wenzangu walisema. "Ndiyo zamu yake, kama babu yake."

"Babu yangu hakufa!"

"Basi yuko wapi? Mwambie aje tucheze."

Hata nyumbani kwetu hapakuwa na mwenye jibu. Babu Karisa, ambaye mimi nina jina lake, alichukuliwa jeshini baba yangu akiwa bado ananyonya. Alikuwa mkwezi na mgema, mtu wa kulala na visu vya kugemea chini ya mto. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti mazito yasiyofaa joto la kwetu. Yeye hakurudi. Chifu alipoulizwa alisema neno moja tu, kwamba amepotea.

Bibi yangu, ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe, alilishika neno hilo. "Aliyepotea hutafutwa," alisema, "hazikwi."

Kwetu mtu akifa huchongewa koma, kijiti chenye kichwa na kiuno, kikapandwa ardhini na kufungwa vitambaa. Ndiyo nyumba yake. Asipochongewa huja ndotoni kulalamika kwamba yuko uchi na anasikia baridi. Mdogo wake babu, Babu Charo, aliota ndoto hiyo miaka nenda miaka rudi. Mbuzi akitupa mimba, ni Karisa. Mvua ikichelewa, ni Karisa. Kila mwaka alikuja na panga lake na kipande cha mti mgumu, na kila mwaka Hawe alimfukuza uani.

"Shemeji, ndugu yangu yuko uchi!"

"Na ukimfunga nguo za koma naye yu hai? Utakuwa umemwua kwa mkono wako. Niletee mtu aliyemwona akifa, nami nitakushikia huo mti uchonge."

Basi mahali pa mkeka wa babu palibaki wazi miaka arobaini. Hakuna aliyelala upande ule wa chumba. Na kwa kuwa mimi nilikuwa na jina lake, Hawe aliniita mume wake, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu. "Mume wangu, umechelewa, ulikuwa kwa mwanamke gani?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilipokua kidogo niliona kwamba yeye huniangalia kwanza kabla ya kucheka.

Shule iliniacha kwa sababu ya babu huyohuyo, au mimi niliiacha, sijui. Tulikuwa darasa la sita, mwalimu akasoma kwamba vita vile vilipiganwa na Waingereza na Wajapani. Nikainua mkono nikauliza, na babu yangu je? Akasema hayumo kitabuni. Nikauliza yuko kitabu gani. Nikala viboko vinne kwa kujifanya mjuaji, na tangu wiki ile sikurudi tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo miguu yangu haijapata kutulia.

Nikaenda Malindi mjini, nikasukuma mkokoteni wa maji, na kila mzee niliyemwona na koti la zamani au mgongo ulionyooka kupita kiasi nilimpa shikamoo na swali. Wengi walinicheka. "Kijana, kule tulikuwa wengi kama siafu, nani atamkumbuka mmoja?" Mmoja wa mtaa wa Barani alinifundisha kupiga saluti, akanituma dukani tumbaku mara tatu, ndipo akasema yeye aliishia kupika chakula cha askari Nairobi. Lakini alikuwa na neno la kunifaa. Watu wa pwani waliokwenda mbele, alisema, walichanganywa na Wakamba. Na yuko Mkamba mmoja wa Bama anayelinda lango la hoteli ya watalii, Kikambala.

Nilitoka na lori la mawe ya kujengea. Wakati huo Kilifi haikuwa na daraja. Tulivuka kwa feri, harufu ya korosho ikitupiga usoni na wauzaji wakigonga ubavu wa gari. Vijana wanaopita juu ya daraja leo hawajui ni wapi tulisimama jua kali kungoja feri itoke upande wa pili.

Mkamba huyo, Mzee Mulwa, nilimkuta langoni, na rungu lake na kofia iliyompwaya. Nilipotaja Karisa, Mgiriama, mkwezi, alikaa kitako juu ya jiwe.

"Wewe ni nani wake?"

"Mjukuu. Nina jina lake."

Hakutaka kunieleza pale. "Iko mama yake? Iko bibi yake?" Nikamwambia mkewe, bibi yangu, yuko na anangoja. Akasema, "Hiyo maneno si ya mtoto. Nitaenda mwenyewe siku ya mapumziko."

Nilimngoja siku sita, nikilala nyuma ya kibanda cha mkaa. Alikuja amevaa shati jeupe la kanisani.

Kwetu tulifika alasiri. Hawe alikuwa anakuna nazi, na shangazi zangu wawili wanapepeta mahindi, na Babu Charo amejileta kunusa kuna nini, kama kawaida yake. Mzee Mulwa alipewa kigoda na maji. Akasema alikuwa na Karisa mwituni. Hawe hakuinua kichwa.

"Watu wengi wamekuja hapa na hadithi," alisema. "Yangu ni swali moja tu. Alikufaje?"

Mzee Mulwa akavua kofia. Alieleza polepole, Kiswahili chake cha bara kikijikwaa. Walifika mahali penye miti mirefu kama minazi, na adui hajulikani aliko. Afisa akamtaka mtu wa kupanda juu atazame, na Karisa akajitolea, maana kwa kupanda hakuwa na mwenziwe. Wote walinyamaza, hata pumzi waliizuia. Karisa akashika mti, akaweka mguu, halafu, kabla ya kupanda, akatoa ukelele.

"Kwa nguvu sana, mama. Mpaka leo sijui alisema nini. Tulifikiria ni maombi ya kwenu. Tukacheka, mkono kwa mdomo. Bado tunacheka, bunduki ikalia, yeye akaanguka."

"Ukelele gani?" Hawe aliuliza.

Mzee wa watu akasimama katikati ya uwanja wetu. Akaweka mkono kando ya mdomo, akapiga mlio mrefu kwa Kigiriama kibovu ambacho alikuwa amekibeba miaka arobaini bila kukielewa.

Shangazi zangu wote wawili wakavuta leso zao vifuani, wakatazama juu ya minazi.

Wasomaji wenzangu wa pwani wameshaelewa. Mkwezi hapandi mnazi kimya. Akiwa juu huona nyua za watu wote, basi kabla ya kupanda hupiga kelele kwamba anapanda, mwanamke anayeoga ajisitiri. Asiyeita huhesabiwa mhuni na hapewi tena mnazi wa mtu. Babu Karisa alikuwa ameita tangu utoto. Mwituni kule, penye bunduki kila upande, aliita pia.

Hawe alianza kucheka. Alicheka mpaka mbuzi ya kukunia ikapinduka na nazi ikamwagika. "Mjinga yule! Mjinga! Alidhani huko mwituni kuna wake za watu wanaoga?" Shangazi zangu wakacheka naye, hata Charo. Kisha nikaona kwamba wenzake wamenyamaza na yeye anaendelea peke yake, na si kicheko tena.

Alipotulia aliuliza, "Nani alimzika?"

"Hatukumzika, mama. Tulirudi nyuma siku hiyo hiyo. Afisa pia akafa. Nisamehe."

"Umekuja, shemeji," alimwambia Mzee Mulwa. "Mwongo angesema alimzika." Halafu, bila kugeuka: "Charo. Chonga."

Alikata vitambaa vya koma kutoka leso yake mwenyewe. Koma ilipandwa kesho yake kabla jua halijawa kali, karibu na ya baba yake babu, na Babu Charo alisema usiku ule alilala bila ndoto. Kila mtu alinisifu. Mtoto aliyekimbia shule ameleta kilichowashinda wazee! Nilijiona mwanamume.

Lakini tangu siku ile Hawe hakuniita mume wake tena. Aliniita Karisa, au mjukuu wangu, kwa upole kabisa. Alihamisha kitanda chake katikati ya chumba. Alipokuwa akingoja alikuwa mke wa mtu, akipiga kelele na kufukuza watu uani. Nilipomletea jibu akawa kizee kama vizee wengine, anaota jua na kuuliza ni siku gani. Alikaa hivyo miaka miwili, akafa. Sijapata kujua kama nilimpa kitu au nilimnyang'anya, na wa kumwuliza ni yeye tu.

Majuzi nilimsimulia mpwa wangu haya. Akatoa simu, akaandika jina la babu, akasubiri kidogo. "Anko, hayupo," akasema, kama mtu aliyemaliza kazi, akarudi kwenye picha zake. Kwa vijana wa leo, asiyekuwemo humo hakuzaliwa. Sikumkasirikia. Nilikumbuka kibanda cha mkaa na siku sita, nikajua hawezi kuelewa kwa nini mtu angoje hivyo.

Mimi nimekaa kila mahali. Nimepanga vyumba Mtwapa vingi hata sikumbuki milango, nimevua, nimechoma mkaa, nimelinda malango kama Mzee Mulwa. Babu yangu alinyamaza miaka arobaini, na bado kulikuwa na mtu aliyekataa kusema amekufa. Mimi nikinyamaza wiki moja, watu husema nimebadilisha laini ya simu.